Jogoo wa Shukrani

Sifa ni zako, Bwana, uliyeuumba mwili wa mwanamke na unayeujua tangu kucha za miguu hadi mvi za kichwani. Ulinipa ujana nikautumia, ukauchukua taratibu, na ulipouchukua hukuniacha mikono mitupu. Nakushukuru kwa pumzi ya asubuhi hii, kwa chai ya moto iliyo mbele yangu, na kwa mdogo wangu wa Mbeya ambaye bado yu hai na jana alinipigia simu kunigombeza. Niongoze niseme kweli, na pale nitakapoona aibu, unisukume.

Mimi ni mama wa miaka sitini na minne. Nimezaliwa na kukulia kijijini Iringa, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri. Mimi mwenyewe nilisoma chuo cha Biblia, nikawa mwinjilisti, nikatumikia mitaa mitatu ya kanisa mpaka nilipostaafu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kwa akina mama. Niliwafundisha kuomba, kusuluhisha ugomvi wa nyumbani, kulea wajukuu, hata namna ya kutunza mbegu za maharage zisitobolewe na wadudu. Kuhusu mwili unavyobadilika hedhi inapokoma sikuwahi kuwafundisha hata dakika tano. Haya ninayoyaandika yametokana na dakika hizo tano nilizowanyima.

Kwangu mimi ilianza nikiwa na miaka hamsini na mmoja, mwezi wa saba. Wa nyanda za juu wanaujua mwezi huo. Asubuhi ukifungua mdomo unatoka mvuke, na ibadani watu wanakuja na masweta, makoti, wengine na blanketi begani. Nilikuwa nimesimama mbele, naongoza maombi ya akina mama. Mara joto likapanda kutoka kifuani, likafika shingoni, usoni, masikioni, kama mtu aliyefunua sufuria ya kande inayochemka akaiinamia. Jasho likanitoka. Nikavua sweta. Nikatoa na kitenge cha begani. Sauti ikaanza kutetemeka.

Akina mama wakaona. Mmoja akapaza sauti, "Haleluya!" Mwingine akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji. Tulipomaliza, bibi mmoja mzee, mke wa mzee wa kanisa, alinishika mikono yote miwili ikiwa bado imelowa.

"Mwinjilisti," akasema, "leo Roho ameshuka. Tumeona kwa macho."

Nilijua sikuwa nimeshukiwa na kitu kingine zaidi ya joto. Juzi yake lilinipata hivyo hivyo nikimenya viazi, na sidhani kama kuna mtu anayemenya viazi kwa upako wa namna ile. Lakini nilisema, "Bwana asifiwe," nikavaa sweta langu nikaenda nyumbani. Tangu siku hiyo, kila nilipovua sweta ibadani maombi yalipamba moto, na mimi sikumsahihisha mtu.

Nilidhani ni malaria. Nilipima mara tatu, na mara zote hawakuona wadudu. Wiki iliyofuata nilikwenda mjini kununua vitambaa vya sare za kwaya. Mama mwenye duka ninakonunua ni Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Iringa. Tunafahamiana tangu watoto wetu wako shule ya msingi. Yeye ana sala zake, mimi nina zangu, na hatujawahi kugombana ila kwa bei. Joto likanikuta nimeshika kitambaa mkononi. Aliniangalia kidogo, akaenda kuegesha mlango, akachukua kipande cha boksi akaanza kunipepea.

"Mama mwinjilisti, vua sweta. Hapa tuko wawili tu."

"Ni malaria inanisumbua."

"Malaria gani inakuja dakika tatu halafu inaaga? Siku zako bado unaziona?"

Nikageuka kuangalia mlango. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza neno hilo wazi namna ile, hata mume wangu. Nikajibu kwa sauti ndogo, "Zinapotea miezi mitatu, zinarudi, zinapotea tena."

"Basi umri huo, mama. Mimi mwaka wa pili sasa. Mume wangu analala na koti, mimi nafungua dirisha. Ametishia kuhamia huku dukani alale na vitenge." Akacheka mpaka akajifuta macho. "Nenda kliniki ya akina mama. Hizo pesa za kupima malaria utamaliza bure."

Nilikwenda. Muuguzi niliyemkuta alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuchora anapoeleza. Alichukua daftari langu la mahubiri akachora mfuko wa uzazi na vile vifuko viwili vya mayai. Akasema vifuko hivyo vimefanya kazi tangu nilipovunja ungo, sasa vinapumzika, na homoni iliyokuwa ikitoka humo inapungua. Mwili ulioizoea unahangaika kutafuta namna nyingine ya kwenda. Ndiyo hilo joto, na usingizi unaokatika, na moyo kwenda mbio, na huzuni inayokuja bila kuitwa. Aliniambia sehemu za siri zinaweza kukauka, tendo la ndoa likauma, na kwamba hilo lina dawa, nisivumilie kimya. Akaniuliza kama mkojo huponyoka nikikohoa au nikicheka. Nikasema kidogo. Akanifundisha kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo, nikiwa nimekaa hata kwenye benchi la kanisa, na hakuna atakayejua. Akaniambia mifupa hupungua nguvu polepole. Nitembee, nifanye kazi za mwili, nile dagaa na maziwa na mboga za majani, na nipime shinikizo la damu kila ninapopata nafasi.

Kisha akaweka kalamu chini.

"Ukisahau yote, hili usilisahau. Ukimaliza mwaka mzima hujaona damu, ujue hedhi imekoma. Baada ya hapo ukiona damu, hata tone, hata rangi ya chai tu kwenye nguo, hiyo siyo hedhi. Njoo hospitali, usingoje. Mara nyingi huwa ni kitu kidogo. Lakini kwa macho hakuna anayejua, hata mimi sijui, mpaka upimwe."

Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari, nikapiga mstari chini yake. Nyumbani nilimweleza mume wangu nusu ya habari, naye, Mungu ampumzishe, alizoea kulala na soksi na kofia bila kunung'unika. Akina mama wa kanisa sikuwaambia kitu. Ningeanzaje? Ningesema kuna joto linalokuja na umri, wangeniuliza, "Na lile la ibadani?"

Joto langu lilikaa kama miaka mitano, likachoka, likaondoka.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Ndiye aliyenifuata kuzaliwa, tumenyonya ziwa moja. Aliolewa Mbeya na fundi wa reli, Mnyakyusa, mtu wa maneno machache, na mpaka leo wanaishi Iyunga, karibu na barabara kuu ya malori. Yeye ni mcheshi kuliko mimi. Hedhi yake ilipokoma alinipigia simu akasema, "Dada, na mimi nimestaafu." Nikamjibu, "Karibu kwenye baraza la wazee." Tukacheka, tukahamia habari za bei ya mbolea. Sikumwambia lolote zaidi.

Miaka minne baada ya simu hiyo nilikwenda kumsaidia kuvuna viazi. Jumapili tulikwenda ibadani kwao. Katika makanisa yetu mtu mwenye shukrani huleta alicho nacho, awe na mahindi, mayai, mkungu wa ndizi au kuku, na baada ya ibada mzee wa kanisa husimama nje akavinadi, fedha zikaingia kwenye kazi ya Bwana. Anayetoa huandika sababu yake kwenye kikaratasi kikasomwa, au akipenda hukaa kimya.

Siku hiyo mdogo wangu alileta jogoo mwekundu, mkubwa, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mzee wa kanisa akasoma, "Mama yetu anamshukuru Mungu kwa kumrudishia nguvu za mwili wake!" Vigelegele vikapigwa. Nikamgeukia.

"Ulikuwa unaumwa? Mbona hukuniambia?"

"Nunua jogoo kwanza, Dada. Maneno jikoni."

Mnada ukaanza. "Mwangalieni jogoo huyu," mzee akasema akimwinua. "Ana kifua kuliko mwenyekiti wa kwaya!"

"Basi mpeni mwenyekiti, aendeleze ubishi na mwenzake!" mtu mmoja akajibu kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko, mwenyekiti naye akicheka. Nilishindana na mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau mpaka akaniachia.

Mchana huo tulikaa nyuma ya nyumba na beseni la maji ya moto, tukimnyonyoa jogoo. Shemeji alikuwa sebuleni anasikiliza redio. Mdogo wangu akachungulia mlangoni, kisha akainama karibu yangu.

"Unakumbuka nilikuambia nimestaafu?"

"Nakumbuka."

"Nimerudishwa kazini." Alikuwa anatabasamu kama msichana. "Tangu Pasaka. Nimeona mara tatu. Dada, nimerudi ujana! Hata magoti hayaniumi sana siku hizi. Nikamkumbuka yule mama wa kwenye Maandiko, aliyecheka nyuma ya mlango wa hema aliposikia atazaa uzeeni. Nikasema sitacheka mimi, nitapeleka jogoo."

Mikono yangu ikasimama ndani ya manyoya. Niliona ule mstari nyuma ya daftari kama vile muuguzi ndiyo kwanza ameweka kalamu chini.

"Mdogo wangu, hiyo siyo hedhi."

"Ni nini basi? Rangi?"

"Sijui ni nini. Ndiyo maana tunakwenda hospitali kesho."

Tabasamu likaondoka. Akaendelea kunyonyoa, kwa nguvu, mpaka akachana ngozi. "Kesho siendi popote. Nimemshukuru Mungu mbele ya watu. Mzee wa kanisa ametangaza. Nikienda hospitali nitakuwa nimesema nini? Kwamba niliupigia ugonjwa vigelegele?"

"Mungu hakasiriki ukipimwa."

"Kama ni yeye aliyenirudishia, kwenda kupima ni kumwambia simwamini. Wewe mwenyewe ulitufundisha, anayeshukuru asitazame nyuma."

Nilijaribu kumjibu kama nilivyosomeshwa. Nilimweleza kwamba waganga pia ni zawadi ya Mungu, na kwamba imani haikatazi dawa. Maneno mazuri yote. Aliyasikiliza kama mtu anayesubiri mvua iishe. Nikaona asipokwenda sasa hatakwenda tena, maana mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi Iringa keshokutwa, na mumewe hakuwa anajua kitu.

Nikanawa mikono. Nikamwambia habari ya sweta. Nilimwambia yote, joto la mwezi wa saba, haleluya za akina mama, bibi aliyenishika mikono, mimi kusema Bwana asifiwe huku nikijua, na maneno ya muuguzi wa kliniki.

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada! Hiyo habari mimi nimeisimulia hapa Mbeya! Nimewaambia akina mama wetu kwamba dada yangu akishukiwa anavua sweta!"

"Ndiyo hiyo."

"Kuna mmoja huku alijaribu, akapata mafua!"

Tulicheka wote, na ule mkojo wangu niliosema kliniki kwamba huponyoka kidogo, siku hiyo haukuwa kidogo. Halafu akarudi kwenye beseni. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nilipokupigia kusema nimestaafu, hayo ya muuguzi ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayajua."

"Uliyaandika?"

"Yalikuwa kwenye daftari. Daftari lilikuwa mezani."

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alichukua jogoo, akammwagia maji mengine, akamaliza mabawa. Redio ya shemeji ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira. Mwishowe akasema, "Basi wote wawili tumemshukuru Mungu kwa kitu tusichokijua. Kesho utanisindikiza. Lakini shemeji yako umwambie wewe, mimi siwezi."

Nilimwambia shemeji jioni ile, nje, kwa maneno ya moja kwa moja. Alizima redio. Akasema, "Ndaga, dada," ambalo ndilo neno lao la shukrani, akaenda kuchukua ndoo mbili akajaza maji pipa zima. Tangu siku hiyo hakumruhusu mke wake kubeba ndoo, ingawa hakuna daktari aliyemwagiza.

Daktari tuliyemkuta hospitali kesho yake alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mwanangu. Alituamkia shikamoo kwanza, akauliza maswali bila haraka na bila kutuonea haya. Kipimo cha picha kilionyesha ukuta wa ndani wa kizazi umekuwa mnene. Akatoa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara, akatuambia majibu ni baada ya wiki mbili. Niliahirisha safari.

Wiki mbili hizo tulichagua viazi. Vikubwa huku vya kuuza, vidogo huku vya mbegu, vilivyokatwa na jembe vya kula. Tuliongea kidogo. Niliomba, lakini kwa mara ya kwanza sikujua niombe kwa maneno gani, basi nikawa nataja jina lake tu na kunyamaza. Siku moja, bila kuinua kichwa, aliniuliza, "Ikiwa ni mbaya, Mungu atakuwa alinionaje na jogoo wangu?"

"Sijui," nikasema. "Ila usingemleta jogoo, nisingeuliza. Ningerudi Iringa na wewe ungebaki na siri yako."

Akageuza kiazi mkononi. "Kwa hiyo jogoo ndiye aliyeniumbua."

"Ndiye."

"Na tulimla na ndizi." Akatupa kiazi kwenye rundo la mbegu.

Majibu yalisema chembe zilikuwa zimeanza kubadilika kuwa saratani, lakini hazijatoka nje ya kizazi. Daktari alitueleza mara mbili, ya pili akichora, nami nikamkumbuka muuguzi wangu. Mwezi uliofuata kizazi kiliondolewa. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama viazi vya mbegu vimefunikwa. Daktari alisema kama mdogo wangu angengoja mavuno mengine, yeye asingethubutu kumpa matumaini aliyompa. Ni miaka mitatu sasa, kila akienda kupimwa anarudi salama, na magoti, anasema, yameanza kuuma tena kama kawaida.

Nilirudi Iringa nikamwomba mwenyekiti wa akina mama dakika tano baada ya maombi. Nilisimama mbele nimeshika lile daftari. Niliwasomea yaliyo nyuma yake, kisha nikavua sweta nikaliweka mezani, nikawaeleza ukweli wake. Niliwaomba msamaha. Yule bibi aliyenishika mikono miaka ile alikuwapo, amezeeka sana, amekaa karibu na ukuta. Akagonga fimbo yake chini.

"Mwinjilisti, mimi nilijua ni joto la umri. Nilikuwa nimelipita mwenyewe."

"Sasa bibi, mbona ulisema Roho?"

"Ulikuwa unaomba vizuri. Na ningesemaje, mbele ya watu?"

Wakacheka wote, na kicheko kile kilifungua vinywa. Dakika tano zikawa saa nzima. Mmoja aliuliza habari ya usingizi, mwingine ya mifupa, mwingine akauliza lile la ndoa huku amejifunika kitenge usoni. Watu walipotawanyika, akina mama wawili walibaki kwenye benchi la nyuma, kila mmoja akijifanya anamngoja mwenzake aondoke. Nilikwenda nikakaa katikati yao. Jumatatu tulikwenda kliniki watatu.

Jana mdogo wangu alinipigia kunigombeza kwa sababu bado sijaandika. "Andika," alisema, "maana simu haifiki kwa kila mtu. Jina langu usiliweke. Na la kwako usiliweke, wasije wakanijua kupitia kwako. Ila sweta liweke." Nimeliweka.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, uwe mama ambaye siku zake zimekoma, au binti ambaye zako bado, au mwanamume mwenye mke, dada na mama: Bwana aulinde mwili aliokupa katika kila umri wake. Akupe mtu wa kukuuliza bila aibu, nawe akupe sauti ya kumjibu. Usiku wako uwe na usingizi, mifupa yako ikubebe, na siku utakayopeleka shukrani yako mbele zake, awe nawe mtu wa kukufuata jikoni. Amina.